Mama Kevin: Muuguzi Ambaye Imani Yake Ilipimwa Kitandani mwa Mgonjwa

Nchini Uganda lipo neno kevina. Kwa miaka mingi wananchi wamelitumia kwa maana ya hospitali, au nyumba yoyote inayowapokea wenye shida bila kuwauliza wanatoka wapi. Neno hilo limetokana na jina la mtawa mmoja mzaliwa wa Ireland, Teresa Kearney, ambaye katika utawa aliitwa Mama Mary Kevin na ambaye Waganda walimzoea kwa jina la Mama Kevina. Ni watu wachache mno ambao majina yao yamegeuka kuwa jina la kazi waliyoifanya.

Maisha ya mama huyo, aliyefariki dunia mwaka 1957, yana mambo mengi ya kuwafaa wauguzi na wakunga wa Afrika Mashariki. Muuguzi wa zahanati katika eneo la Kwaluguru, katika wilaya ya Handeni mkoani Tanga, hufanya kazi akiwa na mambo matatu mbele yake: anachokiamini moyoni, anachoelekezwa na kanuni, na anachokiona kwa mgonjwa aliyelala kitandani. Siku nyingi mambo hayo matatu huenda pamoja. Zipo siku ambazo hayaendi pamoja, na hapo ndipo uuguzi unapoanza kupima utu wa mtu. Mama Kevin alikutana na siku za namna hiyo mara nyingi katika zaidi ya miaka 50 ya utumishi wake.

Teresa Kearney alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 katika kitongoji cha Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow. Baba yake, Michael Kearney, alikuwa mkulima, naye alifariki kwa ajali miezi michache kabla ya binti huyo kuzaliwa. Mama yake alifariki Teresa akiwa na umri wa miaka 10. Aliyemlea baada ya hapo ni bibi yake mzaa mama, mwanamke mcha Mungu aliyekuwa nguzo ya nyumba. Bibi naye alifariki Teresa alipokuwa na miaka 17, akamwacha bila mzazi wala mlezi.

Binti huyo alitamani kuwa mwalimu, lakini hakuwa na fedha za kulipia mafunzo kamili. Akawa mwalimu msaidizi nchini Uingereza. Mwaka 1895 aliomba kujiunga na watawa wa Kifransisko waliokuwa na makao yao Mill Hill, London, na mwaka 1898 akapokea jina la kitawa la Mary Kevin. Alijitolea kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi waliokuwa bado wanabeba mzigo wa utumwa uliokomeshwa miongo michache tu kabla. Alisubiri kwa miaka mitatu. Wito ulipofika, haukuwa wa Marekani. Aliambiwa aende Uganda.

Ili kuelewa kazi iliyokuwa ikimsubiri, ni lazima kukumbuka hali ya Buganda ya wakati ule. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana vita huko Mengo. Wamisionari Wakatoliki wa mwanzo walikuwa Wafaransa na wale wa Kiprotestanti walikuwa Waingereza, kiasi kwamba dini na taifa vilichanganyika katika fikra za watu. Wamisionari wa Mill Hill, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, walifika mwaka 1895 ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuhesabiwa kuwa wa upande wa Wafaransa, wakapewa kilima cha Nsambya. Askofu Hanlon ndiye aliyeomba watawa wa kike.

Masista sita waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Watatu walikuwa Wairishi, mmoja Mmarekani, mmoja Mwingereza na mmoja Mskoti. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, hivyo safari ambayo zamani ilichukua miezi kwa miguu ilikuwa imefupishwa sana. Tarehe 15 Januari 1903 walikuwa Nsambya. Sista Kevin alikuwa na umri wa miaka 27.

Alipewa jukumu la kuwahudumia wagonjwa, na zahanati yake ya kwanza haikuwa na jengo. Wagonjwa walikusanyika chini ya mti. Ulikuwa wakati mgumu. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa pwani na visiwa vya Ziwa Victoria, na katika miaka michache ya mwanzo wa karne ile ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000. Ndui nayo ilikuwapo, pamoja na malaria na vifo vingi vya watoto wachanga. Malale wakati ule hayakuwa na dawa ya uhakika. Muuguzi aliyezoea kufikiri kwamba kazi yake ni kuponya alilazimika kujifunza upya kazi yenyewe ni nini. Pale ambapo hapakuwa na dawa palibaki maji, chakula, usafi wa vidonda, na mtu wa kukaa karibu na anayekufa ili asife peke yake.

Mtihani wa kwanza wa imani yake ulikuwa huo huo wa mpaka kati ya dini na dini. Nsambya palikuwa ni misheni ya Kikatoliki, na wamisionari walikuja kutafuta waumini. Hilo halikufichwa na mtu. Kwenye kilima cha jirani, Mengo, Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na hospitali iliyoongozwa na Dk. Albert Cook na mkewe Katharine, muuguzi aliyefika Uganda mwaka 1897. Ushindani ulikuwa mkubwa. Lakini homa haina dhehebu, na mama mwenye mtoto anayetetemeka haulizi msalaba wa zahanati ni wa namna gani. Kadiri wagonjwa walivyoongezeka, ndivyo huduma yenyewe ilivyoamua mpangilio wa kazi: aliye mahututi zaidi alitangulia. Wananchi walipolichukua jina la Kevina na kulifanya jina la nyumba ya huduma, walikuwa wanaieleza sifa hiyo.

Mwaka 1906 huduma ilipanuliwa hadi Naggalama, umbali wa maili 23 kutoka Nsambya. Mwaka 1910 Kevin akawa mkuu wa masista nchini Uganda, baada ya mkuu aliyemtangulia kuugua. Mwaka 1913 kituo cha tatu kilifunguliwa Kamuli, katika nchi ya Busoga. Katika vituo vyote vitatu, shule na zahanati vilikwenda pamoja.

Mwaka uliofuata vita vikaja.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki haikupiganwa kwa magari. Barabara zilikuwa chache, na punda, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Mizigo ilibebwa kwa vichwa vya watu. Wazee wa Handeni na Korogwe walirithishwa simulizi za vita hivyo, kwa kuwa njia ya majeshi ilipita katika ardhi yao. Reli ya Tanga kwenda Moshi ilipita Korogwe, na reli nyepesi ya vitoroli ilitandazwa kutoka Mombo hadi Handeni kupeleka mahitaji ya jeshi la Wajerumani. Mwezi Juni 1916, majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts yalishuka kwa kufuata Mto Pangani, yakaiteka Korogwe, na siku chache baadaye yakaingia Handeni. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kuelekea kusini. Pande zote mbili zilichukua wapagazi vijijini, wengi wao bila hiari, na pande zote mbili zilichukua chakula cha wenyeji.

Wapagazi hao walikufa kwa wingi kuliko askari. Idadi ya waliokufa upande wa Uingereza peke yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Risasi ziliua wachache kati yao. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Walilala nje kwenye mvua, walikula unga usioiva kwa kukosa muda na kuni, na walitembea katika maeneo yenye baridi wakiwa na nguo nyepesi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililotuachia jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Makaburi ya wengi wao hayajulikani hadi leo.

Kutoka Uganda nako walichukuliwa wapagazi kwa maelfu, wengine wakitumika pamoja na jeshi la Wabelgiji lililoelekea Tabora, mji uliotekwa Septemba 1916. Waliorudi wakiwa wagonjwa walihitaji mahali pa kulazwa, na Nsambya pakawa hospitali ya wapagazi. Hapo Mama Kevin alikutana na mtihani wa pili. Mfumo wa vita ulikuwa na ngazi zake: ofisa mzungu, askari, na chini kabisa mpagazi, ambaye katika daftari nyingi alikuwa ni namba tu. Ngazi hizo ziliamua nani apate blanketi, nani apate kitanda, nani asubiri. Mama Kevin aliumizwa na namna wapagazi walivyotendewa, na akawahudumia kama watu wenye majina na nyumba za kurudi.

Kuna jambo la kutafakari katika sehemu hiyo ya maisha yake. Tarehe 25 Desemba 1918, dola ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE kwa huduma yake kwa majeruhi wa vita. Dola iliyomvisha nishani ndiyo iliyowachukua wapagazi majumbani mwao. Hakuna awezaye kusema kwamba mtawa huyo aliupindua utaratibu wa kikoloni. Alifanya kazi ndani yake, akitumia ruhusa na misaada yake. Uwezo wake uliishia katika wodi. Lakini ndani ya wodi hiyo alikataa kanuni isiyoandikwa ya kwamba uhai wa mpagazi una thamani ndogo. Muuguzi hana mamlaka juu ya vita. Ana mamlaka juu ya zamu yake, na historia inamwuliza aliitumiaje.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulihusu uzazi.

Kwa mujibu wa kanuni za Kanisa Katoliki za wakati ule, mtawa wa kike hakuruhusiwa kufanya kazi ya ukunga. Mawazo yaliyojenga kanuni hiyo yalikuwa ya Ulaya: kwamba kushughulika na uzazi hakupatani na nadhiri ya useja. Katika miji ya Ulaya, palipokuwa na wakunga na madaktari wengine, kanuni hiyo huenda haikumdhuru mtu. Buganda na Busoga hali ilikuwa tofauti kabisa. Wanawake walifariki wakati wa kujifungua, na watoto wengi hawakumaliza mwaka wao wa kwanza. Mjamzito aliyefika kituoni akiwa amekaa na uchungu kwa siku mbili alimkuta mtawa mwenye ujuzi wa tiba ambaye kanuni ilimtaka asimame kando.

Mama Kevin alikuwa ameweka nadhiri tatu, za ufukara, usafi wa moyo na utii. Utii kwake halikuwa jambo dogo. Ndio uliomleta Uganda badala ya Marekani. Wakati huo huo, imani iyo hiyo ilimfundisha kwamba mgonjwa ni Kristo mwenyewe. Akiitii kanuni, anamwacha mama afe. Akiivunja, anavunja neno alilolitoa mbele ya madhabahu, na anawaweka masista wenzake wote katika hatari ya kuondolewa kazini. Hayo ndiyo mazingira ambayo maadili ya mtu hupimwa kwa kweli, kwa kuwa pande zote mbili zina haki.

Njia aliyoichagua ilikuwa ndefu, na ilikuwa na hatua mbili zilizokwenda kwa pamoja. Hatua ya kwanza ilikuwa ni kutafuta mikono ambayo kanuni haikuifunga. Alimpata Dk. Evelyn Connolly, daktari mwanamke ambaye hakuwa mtawa, aliyekuja kufanya kazi Nsambya kama mmisionari mlei. Kwa ushirikiano wao, katika miaka ya 1920 ilianzishwa Nsambya shule ya wauguzi na wakunga kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika. Kwa Waanglikana, Katharine Cook naye alikuwa amefungua shule ya mafunzo ya ukunga mwaka 1921. Vilima viwili vilivyoshindana kwa waumini sasa vilifanya kazi ya aina moja, na wanawake wa Uganda ndio waliofaidika.

Hatua hiyo ilikuwa na matokeo makubwa kuliko lengo la awali. Kwa kuwa masista wa Ulaya hawakuruhusiwa kushika kazi ya uzazi, ilibidi kazi hiyo iwekwe mikononi mwa mabinti wa nchi yenyewe. Mkunga aliyehitimu Nsambya alirudi katika jamii akizungumza lugha ya mama anayejifungua, akijua miiko ya wakwe na woga wa mabibi, na akiwa na ujuzi wa usafi na wa kutambua dalili za hatari.

Hatua ya pili ilikuwa ni kuibadili kanuni yenyewe kwa njia halali. Mama Kevin alikuwa miongoni mwa wale walioendelea kuwaeleza viongozi wa Kanisa hali halisi ya mashambani. Hakuwa peke yake. Dk. Agnes McLaren wa Uskoti alikwenda Roma mara kadhaa kulieleza jambo hilo kwa ajili ya wanawake wa India, na alifariki mwaka 1913 bila kuona matunda. Dk. Anna Dengel wa Austria, aliyefanya kazi Rawalpindi ambako wanawake hawakukubali kutibiwa na daktari mwanamume, aliendeleza hoja hiyo na mwaka 1925 akaanzisha shirika la wanawake wa tiba. Hatimaye, tarehe 11 Februari 1936, Roma ilitoa waraka ulioruhusu watawa wa kike kusomea na kufanya kazi ya udaktari na ukunga katika nchi za misheni. Mama Kevin alikuwa anakaribia kutimiza miaka 61. Alikuwa amesubiri tangu alipokuwa na miaka 27.

Wapo watakaosema kwamba miaka 33 ni mingi mno, na kwamba wanawake waliofariki katika miaka hiyo hawakufaidika na waraka uliochelewa. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika kile kilichofanyika wakati wa kusubiri. Asingejenga shule, asingemleta daktari, asingewafunza wakunga, utii wake ungekuwa kisingizio. Kwa kuyafanya hayo, utii ulimlazimisha kuwa mbunifu. Mtu anayesema kanuni hairuhusu, kisha akakunja mikono, na mtu anayesema kanuni hairuhusu, kisha akatafuta usiku kucha ni nani anayeruhusiwa, hawafanani hata kidogo.

Mwaka 1923 alianza jambo jingine lililotiliwa shaka na wengi. Alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, likiwa na wasichana wanane tu, kwa ajili ya kufundisha na kuuguza. Katika jamii ambayo heshima ya mwanamke ilihesabiwa kwa ndoa na watoto, na ambayo mahari ya binti ilikuwa haki ya ukoo, kumwomba mzazi amtoe binti yake asiolewe lilikuwa ni ombi zito. Kwa upande wa Wazungu nako, walikuwapo walioamini kwamba Mwafrika hawezi kuyaweza maisha hayo. Shirika hilo lilifanya makao yake makuu Nkokonjeru, likakua, na baadaye likavuka mipaka kuingia Kenya na Tanzania.

Katika miaka ya 1930 Mama Kevin aligeukia kundi lililokuwa limesahauliwa zaidi. Wenye ukoma walitengwa na jamaa zao, na hata baadhi ya watumishi wa afya waliogopa kuwagusa. Vituo vya kuwahudumia vilifunguliwa Nyenga na Buluba. Dawa iliyokuwapo ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yaliyodungwa kwa sindano yenye maumivu makali na ambayo matokeo yake hayakuwa ya uhakika. Tiba bora haikupatikana hadi miaka ya 1940. Kwa hiyo hapa tena kazi ilikuwa ile ile ya chini ya mti wa Nsambya: kuosha vidonda, kufunga bandeji, kulima pamoja chakula, na kuwafundisha watoto. Wahenga walisema kutoa ni moyo wala si utajiri. Muuguzi asiye na dawa ya kutosha bado ana mikono, na mgonjwa wa ukoma ambaye hajaguswa na mtu kwa miaka huijua thamani ya mikono hiyo.

Kazi ilipokuwa kubwa, watumishi waliohitajika walikuwa wengi. Mwaka 1928 Mama Kevin alirejea Uingereza kutafuta namna ya kuwaandaa masista mahsusi kwa ajili ya Afrika, na mwaka 1929 nyumba ya malezi ilifunguliwa Holme Hall, Yorkshire. Alirudi Uganda kuendelea na kazi. Mwaka 1942 shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's, Namagunga, ilianzishwa kwa juhudi zake na za masista wenzake. Tangu hapo shule hiyo imetoa wanawake wengi wasomi wa Uganda. Mwaka 1952 masista waliokuwa Afrika walijitenga rasmi na shirika mama la Mill Hill na kuwa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, naye akawa mkuu wake wa kwanza.

Katikati ya miaka ya 1950, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alistaafu uongozi. Badala ya kupumzika alitumwa Boston, Marekani, kuwa mkuu wa nyumba ya shirika na kutafuta fedha za kuendeshea hospitali na shule za Afrika. Kwa namna hiyo alifika katika nchi aliyoiomba akiwa kijana, nusu karne baadaye, akiwa mwombaji kwa niaba ya watu wa nchi aliyopewa badala yake.

Alifariki dunia tarehe 17 Oktoba 1957 huko Brighton, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 82. Mwili wake ulisafirishwa hadi Ireland na kuzikwa Mount Oliver, Dundalk, yalipokuwa makao makuu ya shirika. Habari zilipofika Uganda, Wakatoliki wa huko hawakukubali jambo hilo liishie hapo. Waliomba mwili urudishwe. Kwa desturi ya Waganda, mtu huzikwa katika ardhi ya ukoo wake, kati ya watu wake, na kumwomba marehemu ni kutangaza kwamba ni ndugu. Ombi lilikubaliwa. Mwili ulifukuliwa, ukasafirishwa kwa ndege, na tarehe 3 Desemba 1957 ukazikwa Nkokonjeru, kwenye makao ya masista wa Kiafrika aliowaanzisha na wasichana wanane. Tarehe hiyo ilitimiza miaka 55 kamili tangu siku alipoondoka London kwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 Jimbo Katoliki la Lugazi lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza kuwa mwenye heri.

Uuguzi wa leo una misingi ambayo Mama Kevin hakuwa nayo alipoanza. Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ina Baraza la Uuguzi na Ukunga linalosajili wanataaluma na kusimamia maadili yao, na ina mfumo wa rufaa unaoanzia zahanati ya kijiji, ukapanda hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya kama Magunga ya Korogwe, na kuendelea juu. Sheria na miongozo hiyo iliwekwa ili muuguzi asibebe peke yake uzito wa kila uamuzi, na ili mgonjwa asitegemee bahati ya kumpata muuguzi mwema.

Hata hivyo, hakuna mwongozo unaofika kila mahali. Muuguzi wa zamu ya usiku katika kijiji cha Handeni, mvua za masika zikiwa zimeharibu barabara, huletewa mjamzito ambaye familia yake ilimchelewesha kwa mkunga wa jadi. Huenda ana hasira na familia hiyo. Huenda imani yake na yao ni tofauti. Huenda hali ya mama imezidi kile anachoruhusiwa kukifanya kwa ngazi ya zahanati. Mwenye maadili hatamgombeza mama kwanza ndipo amhudumie. Atafanya yote aliyofunzwa na kuruhusiwa, atapiga simu ya rufaa mapema, atawaeleza ndugu ukweli kwa lugha wanayoielewa, na kesho yake ataandika taarifa ya kile kilichokosekana ili aliye juu yake akijue. Subira ya aina hiyo haina kelele, na aghalabu haina nishani.

Hospitali ya Nsambya ingali inafanya kazi jijini Kampala, ikiwa na madaktari bingwa, maabara na vyumba vya upasuaji. Wodi ya wazazi ni miongoni mwa huduma zake, na masista wanaohudumu humo wanaruhusiwa kumpokea mtoto anapozaliwa.